Mstari wa Zambarau Katika Kitabu cha Amri

Vijana wangu, kabla sijawaambia habari ya chemchemi ya Nyabiyonza, acheni niwaambie habari ya mbuzi, maana mbuzi huyo alinifundisha kazi kuliko mtu yeyote.

Nilikuwa karani wa baraza la Nyabiyonza, huku Karagwe, wakati wa Mwingereza, miaka ile iliyofuata vita kuu ya pili. Baraza ndilo lililokuwa mahakama yetu wenyeji. Watu walisimama wakasema ya kwao, Mwami akaamua, na mimi niliyekaa pembeni na kalamu nikaandika. Mwami alikuwa mtawala wa eneo letu, chini ya Mkama wa Karagwe yote. Siku nyingine alitoa amri na kusimamia kazi za barabara. Jumanne na Ijumaa alikaa kwenye kiti cha baraza akahukumu. Siku hizo hakuna aliyeona ajabu.

Ugumu wa kazi yangu ulikuwa lugha. Watu walisema Kinyambo, na vitabu vilitakiwa viwe Kiswahili. Mimi ni Mhaya wa Kamachumu, Kinyambo nilikielewa bila taabu, na Kiswahili nilikipata shule ya misheni kwa fimbo. Basi akaja mzee mmoja aliyetaka tumwone kwamba naye anajua Kiswahili. Akakataa kusema Kinyambo. Akamnyooshea jirani yake kidole, akasema: "Bwana huyu alimwita mbuzi wangu, mchana kweupe, mbele ya watu."

Ninyi mnaojua lugha ya nyumbani mmeshaanza kucheka. Kwetu kwita ni kuua. Mimi nilimwelewa, Mwami alimwelewa, mshitakiwa mwenyewe alimwelewa akainamisha kichwa. Nikaandika kama alivyosema. Kitabu kilipokwenda Bukoba kukaguliwa, kilirudi na maneno ya wino mwekundu pembeni: "Karani, tangu lini kumwita mbuzi ni kosa? Na je, mbuzi aliitika?"

Nilipompelekea habari hiyo Mzee Zakaria, karani wa zamani aliyenifunza kazi kule upande wa Muleba, alinijibu kwa barua fupi. Alisema amecheka mpaka mke wake akaja kuuliza kuna nini. Halafu akaandika: "Uandike alichosema mtu, lakini uhakikishe asomaye aliye mbali naye anamwona mbuzi amekufa."

Huyo Mzee Zakaria ndiye aliyenipa yote niliyoyajua. Usiache mstari mtupu kwenye ukurasa, maana mstari mtupu ni mlango wa mtu mwingine. Shahidi akimaliza, piga mstari chini ya neno lake la mwisho. Msomee alichosema kabla hajatia dole gumba, na umsomee polepole, usimsomee kama unayemfukuza. Ukikosea usifute. Kata kwa mstari mmoja ili lililokosewa lisomeke, andika sahihi pembeni. Na usinywe rubisi, pombe ya ndizi, mahali wanaponywa wenye kesi. "Ukikaa kibuyu kimoja na huyu," alisema, "yule ataenda kulala akijua ameshashindwa."

Hayo yote niliyashika. Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza.

Kwa sababu, vijana, huko Nyabiyonza nani hakuwa na kesi? Aliyekosa kesi ya mpaka wa kibanja, yaani shamba lake la migomba, alikuwa na ng'ombe aliyekula maharage ya mtu. Aliyekosa ng'ombe alikuwa na shemeji aliyerudisha mke. Nikikaribishwa harusi nilijiuliza baba wa bibi harusi yuko kwenye kitabu changu au hayuko. Mara nyingi alikuwapo. Nikaacha kwenda. Baada ya mwaka wakaacha kunikaribisha. Hakuna aliyeniita jina langu. Nilikuwa Karani tu, hata kanisani. Jumapili Walutheri tulikuwa wachache, na benchi nililokaa mimi lilibaki na nafasi.

Mke wangu Ester aliyaona hayo kabla yangu. Alikuwa akirudi kisimani na mtungi, anaweka chini, anasema: "Wanawake wananyamaza nikifika. Wanangoja niteke niondoke ndipo waendelee." Nilimwambia watazoea. Akakaa miaka miwili. Mama yake alipougua kule Kamachumu, akaenda kumuuguza, na mama alipopona yeye akabaki. Aliniandikia barua nne. Ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu. Ya nne iliuliza hali yangu, ikanijulisha kuwa wao hawajambo.

Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule wa kiangazi kirefu.

Chini ya kilima cha Nyabiyonza, bondeni, kulikuwa na chemchemi ambayo watu wa vilima viwili waliteka tangu mababu zao. Mwami wetu alikuwa na ng'ombe wengi, na majani yalipokauka aliwashusha bondeni huko. Akasema vyungu na nguo za watu vinachafua maji, ng'ombe wake wanaugua. Akatuma watu wakazungushia chemchemi uzio wa magogo na miiba, wakaweka mlinzi. Wananchi wakaambiwa wakateke mtoni upande wa pili, mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi ni kupanda.

Kwenye mkutano wa hadhara, uwanjani mbele ya baraza, mtu mmoja akasimama. Jina lake Anatoli Byabato. Alikuwa mkulima wa migomba na kahawa, Mkatoliki, mtu mpole ambaye sikuwahi kumwandika kwenye kitabu changu hata mara moja. Alivua kofia, akaanza na neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Waitu Mwami, shikamoo. Nina swali. Amri hii ya chemchemi imeandikwa wapi?"

Mwami akacheka. "Imeandikwa kinywani mwangu, Anatoli. Unataka nikufungulie usome?"

Watu wachache wakacheka pamoja naye. Anatoli alivaa kofia yake, akaketi. Kesho yake asubuhi, jua limeshapanda, yeye na wenzake sita walishuka bondeni wakaung'oa uzio. Hawakupigana na mlinzi. Magogo waliyapanga vizuri kando ya njia, miiba wakaifunga mafungu. Kisha wakateka maji wakaenda zao. Kufikia mchana, wote saba walikuwa wameshakamatwa.

Mashtaka yalikuwa kukaidi amri halali ya Mwami. Ili amri iwe halali, ilitakiwa iandikwe kwenye kitabu cha amri, isomwe mbele ya watu, na nakala ipelekwe kwa serikali Bukoba. Kitabu hicho nilikitunza mimi. Amri ya chemchemi haikuwamo.

Alasiri ya siku moja kabla ya kesi, Mwami aliniita nyumbani kwake. Sikuwahi kuitwa huko ila kupeleka karatasi mlangoni. Safari hii nilipewa kiti kizuri sebuleni. Mke wake akaniletea maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri, akaniuliza habari za Kamachumu, akaniuliza habari za Ester kwa jina lake. Nilikaa pale kama saa nzima, tukazungumza mambo ya mvua na ng'ombe. Ndipo Mwami akasema, kama anayekumbuka kitu kidogo:

"Karani, ile amri ya chemchemi hukuiandika."

"Waitu, hukunipa niiandike."

"Nakupa sasa. Uiweke mwezi uliopita, kabla ya uzio."

Nikakitazama kibuyu cha maziwa mkononi mwangu.

"Sikutishi," akasema. "Kama ningetaka kukutisha ningekuita ofisini. Hapa umekuja kama mtu wa nyumbani."

Vijana, ningependa kuwaambia kwamba niliogopa kufukuzwa. Hiyo ingekuwa sababu inayoeleweka, na kweli niliogopa kidogo. Lakini nimekaa na jambo hili miaka mingi, na sitaki kulipamba. Niliandika kwa sababu ya yale maziwa. Ilikuwa miezi mingi tangu mtu aniambie keti. Nilipotoka pale Mwami alinisindikiza mpaka kwenye mti wa mwisho wa kibanja chake, kama anavyosindikizwa mgeni wa heshima, na mimi nilitembea hadi barazani nikiwa na furaha. Nikafungua kitabu.

Hapo nikakutana na mafunzo ya Mzee Zakaria. Sikuwa nimeacha mstari mtupu hata mmoja. Kurasa za mwezi uliopita zilikuwa zimejaa kutoka juu hadi chini. Mahali pekee palipobaki palikuwa chini kabisa, kwenye ukingo wa ukurasa, na hapo nikabana maneno ya amri kwa herufi ndogo. Tena wino wa bluu tuliokuwa tukiletewa kutoka Bukoba ulikuwa umekwisha wiki ile. Nilikuwa nimenunua unga wa wino wa zambarau dukani, nikaukoroga na maji. Kwa hiyo ukurasa wote ulikuwa wa bluu, na amri ya chemchemi ilikuwa zambarau. Niliona. Nikajiambia hakuna atakayetazama.

Kesi ilisikilizwa Ijumaa, uwanja umejaa. Kwenye ukurasa wa kesi kulikuwa na mahali pa kuandika jina la mlalamikaji, nikaandika jina la Mwami. Mahali pa shahidi wa kwanza, jina la Mwami. Mahali pa hakimu, nikaandika tena lile lile. Wazee wawili wa baraza waliokaa naye, mmoja alikuwa shemeji yake na mwingine alikuwa na mazoea ya kusinzia.

Mwami alieleza amri yake na jinsi ilivyovunjwa, akaniagiza nionyeshe kitabu. Nikakinyanyua. Kisha akawauliza washitakiwa kama wana la kusema. Anatoli akasimama.

"Waitu, nataka kuuliza swali. Lakini kwanza nijue, nikikuuliza utanijibu kama shahidi, au utanijibu kama hakimu?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama upepo kwenye migomba. Mwami akapiga meza. "Karani, hilo usiliandike."

Nilikuwa nimeshaliandika. Mkono wangu ulikuwa umezoea kwenda na mdomo wa shahidi, na kufuta sikuzoea. Nikainamisha kichwa kama niliyesikia, nikageuza ukurasa.

Wakafungwa miezi mitatu kila mmoja, kwa kazi ngumu. Kesho yake nikawaona wakivunja mawe barabarani, karibu na nyumba yangu. Anatoli alinyanyua macho, akanitazama, akarudi kwenye jiwe lake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Uzio ulirudishwa. Baada ya wiki kama tatu, nikiwa nimekaa kibarazani kwangu baada ya chakula cha mchana, niliona wanawake wanne wamebeba machela wanapanda kuja kwangu. Nilidhani wamepotea njia ya zahanati. Wakaiweka chini mbele ya mlango wangu. Juu yake alikuwa Ma Felista, mama yake Anatoli, mguu umefungwa kwa vipande vya miti na nyuzi za mgomba. Alikuwa ameanguka akipanda kutoka mtoni na kibuyu cha maji kichwani. Mwanawe asingekuwa barabarani anavunja mawe, yeye asingekwenda huko peke yake.

"Shikamoo, mae," nilisema.

Hakuitikia salamu. "Wewe ndiwe Karani?"

"Ndimi, mae."

"Wanasema wewe ndiwe unayeandika. Wanasema jambo lisipoandikwa na wewe, halikutokea."

"Mae, wanaoamua ni..."

"Sikukuuliza wanaoamua. Leta kitabu chako. Andika na mguu huu pia."

Wale wanawake walisimama wakanitazama. Nikaingia ndani nikatoa karatasi, nikakaa chini karibu na machela, nikaandika. Niliandika alikwenda mto gani, akitoka wapi, saa ngapi, na kwa nini hakwenda chemchemini. Nilimsomea polepole, kama nilivyofundishwa. Akatia dole gumba. Nikapiga mstari chini ya neno lake la mwisho. Wakambeba wakaondoka, wala hakuna aliyesema kwa heri.

Ninyi mnaojifunza kazi hizi msije mkadhani karani hana nguvu. Mimi nilikaa pale kibarazani nikiwa nimeshika karatasi ya yule mama, na nikajua kwamba mguu ule niliuvunja mimi kwa herufi ndogo za zambarau.

Rufaa yao ilipelekwa na ndugu zao. Nakala ya kesi niliinakili mwenyewe, maana ilikuwa kazi yangu, na sikuacha neno. Swali la Anatoli likiwamo. Nikaambatanisha na karatasi ya Ma Felista, ingawa hakuna aliyeniagiza. Baraza la Mkama liliisikiliza asubuhi moja, likakubaliana na Mwami kabla ya chakula. Ikabaki kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, ambaye alikuja Karagwe kwa safari zake mara chache kwa mwaka. Alipofika, Anatoli na wenzake walikuwa wamebakiza wiki tatu.

Alikaa uwanjani petu, kwenye meza yake ya kukunja, na mkalimani wake kushoto. Alisoma nakala yangu kimya. Alipofika kwenye majina, alitia kidole kwenye jina la mlalamikaji, akakishusha kwa shahidi, akakishusha kwa hakimu, akamtazama Mwami. Mwami akajiweka sawa kwenye kiti, nafikiri alidhani anasifiwa. Kisha Bwana Shauri akaomba kitabu cha amri.

Akafungua ule ukurasa. Akaugeuza ukaelekea jua. Akaniita.

Nikaapishwa. Nakumbuka Biblia ilikuwa na vumbi, na mkono wangu uliacha alama juu yake.

Aliuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kumngoja mkalimani. "Karani, wino huu wa zambarau ulianza kuutumia lini?"

Jibu la kuniokoa lilikuwapo. Ningesema tulikuwa na chupa mbili. Nilimtazama Mwami, naye alikuwa akinitazama kwa upole ule ule wa siku ya maziwa. Halafu nikamtazama Anatoli, amekonda, mikono ina malengelenge.

"Bwana, nilianza kuutumia siku moja kabla ya kesi."

"Amri hii ina tarehe ya mwezi kabla ya hapo."

"Ndiyo, Bwana. Tarehe ni ya uongo. Niliandika mimi."

Mwami alivuta vazi lake likafunika magoti.

"Nani alikuagiza?"

"Mwami aliniagiza. Lakini mkono ni wangu. Ningeweza kukataa, sikukataa."

Hukumu haikuchukua muda. Hakukuwa na amri halali, kwa hiyo hakukuwa na kosa. Wale saba wakafunguliwa hapo hapo. Chemchemi ikatangazwa kuwa ya watu wote kama zamani, na uzio ukaagizwa utolewe jioni ile. Bwana Shauri akaandika pia kwamba mtu asihukumu kesi aliyoifungua mwenyewe. Mwami alionywa kwa barua, akabaki kwenye kiti chake. Mimi aliniita kando, nyuma ya gari.

"Umesema kweli mahali pagumu," aliniambia, "na ninakushukuru. Lakini siwezi kukuachia kitabu tena. Unaelewa?"

"Naelewa, Bwana."

Na nilielewa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Watu waliwabeba wafungwa wao juu juu, wanawake wakipiga vigelegele, wakashuka nao bondeni. Nilibaki uwanjani nikikusanya karatasi zisipeperuke. Watu wa Mwami walipita upande wangu wa kulia wakatema mate. Watu wa chemchemi walipita upande wa kushoto wakatazama mbele. Hakuna kundi lililokuwa na mahali pangu, na sikuona aliyekosea kati yao.

Niliondoka siku ya tatu na sanduku langu. Njiani, kwenye kona ya mashamba ya kahawa, nikakutana na Anatoli anatoka zahanati kumwona mama yake. Tulisimama wote wawili.

"Karani," alisema, "nilifungwa kwa mkono wako, nikafunguliwa kwa mdomo wako. Tangu juzi natafuta namna ya kukusalimu, sijaipata."

"Si lazima unisalimu."

"Hapana, si lazima." Akafikiri. "Sanduku ni zito?"

"Kiasi."

Akalitazama, nami nikadhani atalibeba. Lakini akasogea kando ya njia ili nipite, nikapita.

Kwa nini sikurudi Kamachumu? Baba yangu alikuwa amewaambia watu wote kwamba mwanawe ni karani wa serikali. Ester alikuwa kwao. Nikaja huku Mabira, nikapata kibanja kidogo kilichoachwa, nikalima migomba na kahawa kidogo, na mtu akitaka kuandikiwa barua au malalamiko nilimwandikia. Walikuja, wakasema ya kwao, wakaondoka na karatasi. Habari ya Nyabiyonza ilikuwa imefika kabla yangu. Wengine walisimulia kwamba mimi ndiye karani niliyewafunga watu kwa uongo, wengine kwamba mimi ndiye niliyemwuza Mwami wangu. Zote mbili zilikuwa kweli, kwa hiyo sikuwa na la kukanusha.

Mambo yalibadilika miaka ile. Chama cha siasa kikaanza kusikika mpaka huku, watu wakawa wanauliza maswali bila kuvua kofia. Kwenye mabaraza wakaanza kuwekwa wazee waliopendekezwa na wananchi wenyewe, wakapokezana kiti cha kuhukumu. Nikasikia kwamba Nyabiyonza wamempendekeza Anatoli Byabato, na sikushangaa.

Siku moja, karibu saa sita mchana, nikiwa napalilia, nikamwona anaingia kwenye kibanja changu. Mvi zilikuwa zimeanza. Alikuwa ametoka kwao alfajiri kwa miguu.

"Hodi, Karani."

"Karibu." Nikaweka jembe chini. Sikujua nimkaribishe wapi, kwa sababu mbele ya nyumba yangu palikuwa na kigoda kimoja. Nikampa hicho, nikakaa kwenye gogo.

"Nimekuja kuuliza jambo la kazi," alisema.

"Mimi nilishatoka kazini."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Walio kazini wote wananiambia nikae tu." Akaeleza. Mdogo wake Simoni alikuwa amepanda kahawa juu ya njia ya watu, ile inayokwenda sokoni. Wananchi wamemshitaki, na kesi inakuja siku ambayo Anatoli ndiye anayekaa kitini.

"Simoni ana haki?"

"Hana."

"Basi utamhukumu hivyo."

"Ndivyo nitakavyomhukumu. Lakini watu watasema nimemwonea ndugu yangu nipate sifa. Na mama wa watoto wa Simoni ameshaanza kusema hivyo. Na mimi mwenyewe, Karani, nikilala nawaza kwamba labda ni kweli."

Hakuna mtu aliyewahi kutembea mwendo wa nusu siku kuja kuniuliza ninachojua.

"Usikae," nilimwambia. "Lakini usikose kwenda, na usijifanye mgonjwa. Nenda mapema, ukae kitini watu wakuone. Kabla shahidi wa kwanza hajaapa, simama useme kwa sauti kwamba mshitakiwa ni ndugu yako na leo kiti si chako. Halafu shuka ukakae kwenye benchi na watu wote. Na kabla hujashuka, mwambie karani akusomee alichoandika. Asije akaandika kwamba hukuhudhuria."

"Akikataa kunisomea?"

"Simama hapo hapo mpaka akusomee. Ataona aibu kabla yako."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Akayarudia maneno yangu mara mbili ili ayashike, kama shahidi anayesomewa.

Nilikuwa nimepika ndizi na maharage. Nikamwambia asiondoke na njaa. Kule ndani nikakumbuka kwamba nina sahani moja. Nikampa yeye, nami nikakata jani la mgomba nikala juu yake. Aliliona jani. Tulikula. Aliniambia mama yake amefariki msimu wa senene uliopita.

"Sikusikia," nilisema. "Ningekuja kuzika."

"Hakuna aliyekuletea habari?"

"Hakuna anayeniletea habari."

Aliendelea kula polepole. "Ningeweza kukuletea mimi," akasema baadaye. "Sikuja."

Alipomaliza aliosha sahani mwenyewe kwa maji ya mtungi, akaniuliza njia fupi ya kurudi, nikamsindikiza mpaka mwisho wa kibanja na kupita, hadi pale barabara ya Nyabiyonza inapoonekana.

Mwenye duka anayeleta chumvi Mabira ndiye aliyenipa habari baada ya wiki mbili. Alikuwapo barazani siku ile kwa kesi yake. Anatoli alisimama, akasema, akangoja karani asome, akashuka akakaa kwenye benchi karibu na mke wa Simoni. Simoni akashindwa. Kahawa ilipong'olewa kwenye njia, Anatoli alikwenda kumsaidia mdogo wake kuihamisha, miche yote, ikapandwa mahali pake. Watu walipita sokoni wakiwatazama wawili wale wakichimba mashimo.

Alipomaliza kunisimulia, nilimwambia mwenye duka anipe sahani ya bati, ile yenye ukingo wa bluu.

"Karani, umepata wa kukaa naye?" aliniuliza akiifuta vumbi.

"Hapana," nilimjibu. "Lakini mtu anaweza kupita."